Vipimo vya Mama Mizani

Jina la Fundi Kesho hakupewa na mama yake. Alipewa na wateja, tena kwa hasira. Ukimpelekea kitambaa atakipokea kwa mikono miwili, atakupima bila haraka, atakutajia siku, na siku hiyo ukifika atakutazama kwa huruma ya kweli na kukwambia uje kesho. Ukija kesho, kesho nayo imeshasogea. Ukutani juu ya cherehani ameandika kwa rangi nyekundu Subira Yavuta Heri, na mteja akipandisha sauti yeye hujibu kwa kuyanyooshea mkasi maandishi hayo. Lakini nguo ikitoka, jamani, imetoka! Hapo ndipo watu wanapokwama. Utamhamaje fundi anayekupendezesha, hata kama ameshakuchosha roho?

Sasa niambie, kama anayelipa anangoja miezi miwili, mke wa fundi atangoja mpaka lini? Wahenga walishasema kinyozi hajinyoi, na walipofika kwa fundi wa nguo na mkewe nadhani walichoka kusema. Mke mwenyewe ni muuguzi wa kliniki ya watoto, na huko nako amepewa jina lake, Mama Mizani. Miaka ishirini na minane amewapima uzito watoto wa mji mzima, na hajatokea mzazi aliyemshawishi aongeze hata gramu moja kwenye kadi. Kinachosomeka ndicho kinachoandikwa. Ukimlilia atakupa kiti ukae ulie, halafu ataandika kilekile.

Mwanamke huyo, na ukali wake wote wa namba, alimwoza binti yake wa kwanza akiwa ndani ya gauni lililoshikwa ubavuni kwa pini kumi na moja. Fundi alikuwa amelimaliza asubuhi ileile, yaani hakulimaliza. Idadi ya pini Mama Mizani aliijua kwa sababu alizisikia moja moja. Sherehe nzima alisimama. Wageni wakamsifu kwamba mama wa bibi harusi hana makuu, hakai, anazunguka kuhudumia watu. Angekaaje na pini kumi na moja?

Basi kliniki ikajengewa jengo jipya la watoto, na daktari mkuu akamwita Mama Mizani ofisini kumwambia kwamba yeye, mkongwe kuliko wote, ndiye atakayekata utepe siku ya ufunguzi. Atapigwa picha, na picha itakuzwa na kutundikwa mlangoni. Mama Mizani alishukuru kwa adabu. Alipotoka nje alisimama kidogo kwenye korido, akafurahi peke yake mpaka macho yakalowa. Halafu akakumbuka pini. Jengo ni la matofali, litasimama miaka mia, na yeye atakuwa pale mlangoni miaka mia, amevaa nini?

Kitambaa alikuwa nacho, cha zambarau, kizito kiasi, kinachoanguka vizuri. Alikuwa amekinunua na kumkabidhi mumewe miezi minane nyuma. Jioni ile akamkumbusha kwa upole, na mumewe akamwambia asiwe na wasiwasi, kesho anaanza. Wiki iliyofuata akamkumbusha tena, safari hii upole ukiwa umepungua, akaambiwa kesho. Ahadi ni deni, lakini kuna watu wanaoishi na deni vizuri tu, wanakula na kulala.

Aliyemfungua macho ni rafiki yake mfamasia, mwanamke anayenunua kila kitu kwa simu, mpaka ndoo ya kuogea. Mfamasia alimwonyesha gauni moja la buluu, la heshima, lenye kola iliyokaa sawa, na akamwambia linafika ndani ya wiki tatu na hakuna mtu wa kumwambia aje kesho. Kitu kimoja tu, lazima ajaze vipimo vyake. Kwenye simu palikuwa na mchoro wa mwanamke asiye na kichwa, amezungukwa na mishale: kifua, kiuno, nyonga, mkono wa juu, urefu wa bega mpaka chini ya goti. Mama Mizani alikubali kwa moyo mzito. Mke wa fundi kununua gauni la kushonwa na watu asiowajua, ni sawa na mke wa mwokaji kukutwa dukani ananunua mkate. Ila heri nusu shari kuliko shari kamili.

Alidhani vipimo ni jambo jepesi. Mumewe ana daftari, na mchana mmoja alipotoka kazini alipita kwenye kibanda chake cha kushonea akamkosa, amekwenda kununua zipu. Akalifungua daftari. Mwalimu mkuu wa shule ya wasichana alikuwamo, muuza mikate alikuwamo, mke wa daktari alikuwamo mara mbili, kabla na baada ya kunenepa. Marehemu wawili walikuwamo. Akajitafuta kwa jina lake, kwa jina la mumewe, kwa jina la utani. Akalipekua kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kisha akaanza tena. Hakuwamo. Wanawake wote wa mji wameandikwa kwa mkono wa mume wake, isipokuwa yeye. Iliuma, sikufichi. Alilirudisha daftari mahali pake akaenda zake nyumbani, na mboga siku ile ilizidi chumvi.

Ikabaki ajipime mwenyewe. Tepe ya kliniki ni ya vichwa vya watoto wachanga, ikizunguka mtu mzima inaishia njiani. Nyumbani futi ni moja tu, ile ya Fundi, futi ya kitambaa ya enzi hizo, iliyochakaa ikawa laini, na haitoki shingoni mwake ila akienda kuoga. Hapo huitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba. Fundi huoga Jumapili kwa raha zake na huimba nyimbo tatu, wala hajawahi kuimba nne. Kwa hiyo Mama Mizani alikuwa na nyimbo tatu.

Wimbo wa kwanza ulipoanza alikuwa ameshafunga mlango kwa ufunguo, amevaa gauni jepesi la ndani, simu iko juu ya mto na yule mwanamke asiye na kichwa anamwangalia bila macho. Maelekezo yalisema usibane pumzi, usivute tumbo, simama wima. Hayo yeye ndiye anayewaambia watu kila siku. Akaipitisha futi mgongoni, akakutanisha ncha na mwili wa futi kifuani, akasoma mbele ya kioo, akaandika. Arobaini na tatu. Kiunoni, thelathini na tisa. Akarudia kiuno, akijilegeza, halafu akajinyoosha, ikasema thelathini na tisa tena. Nyonga, arobaini na sita. Nyonga hazikumshangaza sana, hizo ni za ukoo, shangazi zake wote hupita mlangoni kwa ubavu. Kiuno ndicho kilichomkalisha kitandani. Amenenepa lini hivi, na kwa chakula gani? Wimbo wa tatu ulikuwa unakaribia mwisho. Mwanamke mwingine angeiba inchi mbili hapo, nani angejua? Yeye aliandika kilichosomeka, akarudisha futi msumarini, akafungua mlango. Kabla ya chai, vipimo vilikuwa vimeshatumwa.

Kesho yake kazini alisubiri kina mama wote waondoke, akapanda kwenye mizani ya watu wazima. Kilo sabini na nne. Mwaka jana zilikuwa sabini na nne, na mwaka juzi sabini na nne. Sasa hapo kuna mmoja anayedanganya, mizani au futi. Mama Mizani alifikiri sana, akiwa mtu wa haki, akatoa hukumu. Futi ya mume wake imeshona nguo za mji huu miaka zaidi ya thelathini na hakuna aliyewahi kurudi kulalamika kwamba nguo inabana. Wanalalamikia siku, hawalalamikii kipimo. Kwa hiyo mizani imeharibika. Akaandika barua rasmi, na fundi wa mizani akaletwa na sanduku lake la mawe ya chuma, akashinda na mizani ile asubuhi nzima, akapanga mawe na kupangua. Mwisho akaandika kwamba haina kasoro yoyote. Mama Mizani alitia sahihi, lakini moyoni alimwona yule bwana hajui kazi yake.

Akaacha sukari. Akaanza kupanda ngazi za jengo jipya mara nne kwa siku akisingizia kukagua rangi ya kuta. Mumewe, ambaye chai yake ni vijiko vitatu na asiguswe, alimtazama akinywa chai tupu kwa uso wa mtu anayemeza dawa, akamwuliza kama anaumwa. Akajibu kwamba anajipunguza. Fundi akamkagua kwa jicho lake la kazi kuanzia begani hadi kisiginoni, akamwambia hakuna cha kupunguza hapo, yuko vilevile. Mama Mizani alijua maneno ya mtu anayedaiwa gauni yanavyokuwa matamu, akaendelea na chai yake.

Mzigo ulifika siku ya Alhamisi, na ufunguzi ulikuwa Jumamosi saa nne asubuhi. Wakajifungia yeye na mfamasia kwenye stoo ya dawa, kati ya maboksi. Gauni lilikuwa zuri kwelikweli. Buluu yake ilikuwa ileile ya kwenye simu, na kola ilikaa. Ila Mama Mizani alipofunga zipu, mabega yalimteremka, kifua kikabaki kinangoja mtu mwingine, na kiuno ungeweza kukishika kwa konzi mbili. Mfamasia, aliye mkubwa wa mwili, alimwangalia kwa muda akasema hata yeye angeingia. Mama Mizani akasema labda ni zile ngazi. Mfamasia akamwambia ukweli, kwamba hakuna ngazi duniani inayofanya hivyo kwa wiki tatu. Kulirudisha na kuletewa lingine kungechukua wiki nyingine tatu. Mfamasia akapendekeza pini.

"Pini, hapana," alisema Mama Mizani. "Afadhali nikate utepe na sare ya kazi."

Ijumaa mchana alimaliza zamu, akaliweka gauni kwenye mfuko, akatembea kwenda kibandani kwa mumewe. Njiani aliogopa, na aliona aibu kwamba anaogopa mtu anayemfulia soksi. Lakini mficha uchi hazai. Kwenye benchi la wateja palikuwa pamejaa: mwalimu mkuu na mkoba wake magotini, muuza mikate, na bibi mmoja aliyekuwa akija kila Ijumaa tangu mwanzo wa mwaka na sasa alikuja na ufumaji wake. Fundi alikuwa kwenye cherehani, futi shingoni. Mama Mizani hakuzunguka mbuyu.

"Baba watoto, nimenunua gauni mtandaoni," alisema mbele ya benchi zima. "Nimelivaa, ni kubwa, na kesho ndiyo siku yenyewe."

Sindano ya bibi ilisimama hewani. Fundi aliusimamisha mguu wake kwenye kanyagio, akalipokea gauni, na kabla ya kitu kingine akaligeuza nje ndani, kama mafundi wote wafanyavyo, akaanza kutafuta makosa. Alitafuta sana. Akavuta mishono, akakagua zipu, akakwangua pindo kwa ukucha. Mwisho alikiri kwamba mshono umekaa, na ilionekana wazi kwamba kukiri huko kumemgharimu. Ndipo akauliza nani alimpima.

Mama Mizani akasema amejipima mwenyewe, kwa futi yake hiyohiyo, siku anaoga. Fundi akataka kusikia namba. Akamtajia kifua arobaini na tatu, kiuno thelathini na tisa, nyonga arobaini na sita, na kila namba ilivyotoka ndivyo uso wa mumewe ulivyozidi kukunjuka. Kwenye mkono wa juu aliangua kicheko, akavua miwani, akaegemea cherehani. Mkewe alikuwa karibu na machozi. Hapo Fundi akaivua futi shingoni na kumwekea ncha yake mkononi, akamwambia avae miwani asome namba ya kwanza kabisa baada ya bati la nchani.

Ilikuwa nne.

"Moja mpaka tatu ziko wapi?" aliuliza Mama Mizani.

"Alizila mwanao."

Kikulacho ki nguoni mwako! Ikabidi Fundi aeleze, na benchi zima likasogea mbele kusikiliza. Binti yao wa kwanza alipokuwa anaota meno, alilazwa juu ya meza ya kukatia, baba akageuka mara moja tu kuchukua pasi, na aliporudi ncha ya futi ilikuwa imetafunwa ikawa nyuzi tupu. Akakata inchi tatu, akahamisha bati la nchani, akaendelea na kazi. Kununua nyingine alishindwa, kwa sababu mpya zinavutika, na pia kwa sababu futi hii ndiyo aliyompimia msichana mmoja aliyekuja na wenzake kushona sare za uuguzi, akampima kiuno mara tatu bila sababu yoyote ya kikazi. Tangu siku ya meno yale, chochote futi inachosema yeye hutoa tatu kichwani. Hakuwahi kumwambia mtu, maana futi hii haitumiwi na mtu mwingine.

Mwalimu mkuu aliuliza kwa wasiwasi, je, na wao? Fundi akamtuliza kwamba wao huwatolea tatu kabla hajaandika.

Mama Mizani alishusha pumzi aliyoibeba wiki tatu. Hajanenepa. Kiuno chake ni thelathini na sita, mizani ya kliniki ni malaika, na yule bwana wa mawe ya chuma anastahili kuombwa radhi. Alikumbuka chai zote zile tupu akataka kucheka na watu. Lakini daftari lilikuwa bado linamuuma, naye si mtu wa kuandika nusu ya kinachosomeka.

"Nisingejipima kama ningejiona kwenye daftari lako," alisema. "Nimelipekua lote. Hata waliokufa wamo. Mimi simo."

Fundi aliacha kucheka. Alilitazama daftari, akamtazama mkewe.

"Daftari ni la watu ninaoweza kuwasahau," alisema. "Wewe leo ni arobaini, thelathini na sita, arobaini na tatu. Ulipokuja kushona sare ulikuwa thelathini na nne, ishirini na sita, thelathini na saba. Mwaka ule ulipougua ulifika thelathini na moja kiunoni, nikazipunguza sare zako zote mbili ukiwa umelala, ili ukizivaa usijue umekonda kiasi gani."

Mama Mizani aliukumbuka mwaka ule. Alikumbuka asubuhi aliyorudi kazini, alivyovaa sare ikamkaa vizuri, akajiambia kwamba kumbe hakuumwa sana. Miaka yote alikuwa ameamini hivyo. Alikaa kwenye benchi kati ya bibi na muuza mikate, wakampisha.

Mwingine angeishia hapo na kumkumbatia mume. Yeye alifuta macho kwa kiganja, akamwuliza kama anavijua vipimo vyote hivyo, gauni la zambarau liko wapi. Fundi akaenda nyuma ya pazia akarudi nalo. Lilikuwa limekatwa, limeshikizwa kwa uzi mweupe, halina mikono wala pindo, na begani lilikuwa na vumbi. Alijaribu kusema jambo kuhusu zipu, akaliacha katikati.

"Wateja nikiwachelewesha sana watahama," alisema. "Wewe nilijua utarudi nyumbani tu."

"Na mimi nimehama," alisema Mama Mizani. "Nimehamia kwenye simu."

Fundi alipangusa vumbi la begani kwa kiganja, taratibu, akalipangusa tena lilipokuwa limeshaisha. Kisha akageukia benchi. Akamwambia mwalimu mkuu, na muuza mikate, na bibi mwenye ufumaji, kwamba leo amefunga, na kesho ana shughuli ya kukatwa utepe, kwa hiyo waje Jumatatu. Mwalimu mkuu, aliyekuwa na kikao asubuhi hiyohiyo ya Jumatatu na alikuwa ameshangoja wiki saba, alifungua mdomo. Akamwangalia Mama Mizani, akayaangalia maandishi mekundu ukutani, akaufunga. Alinyanyuka, akachukua mkoba wake, na akamwambia Fundi kwamba hiyo ndiyo kesho ya kwanza aliyowahi kuielewa. Mama Mizani alikuwa amelisikia neno lile maisha yake yote ya ndoa, na hakuwahi kuliona likirushwa kwa wateja kwa ajili yake.

Wenyewe wakabaki wawili, mlango nusu, jua la saa kumi likiingia mpaka kwenye kanyagio. Fundi alishona. Hakumsimamisha mkewe hata mara moja kumjaribisha, na futi alikuwa ameitundika kwenye msumari wa ukutani. Mama Mizani alimpikia chai kwenye jiko dogo la pembeni, akatia vijiko vitatu kwake na vitatu kwake mwenyewe. Taa za barabarani zilipowaka, pindo lilikuwa linapigwa pasi.

Jumamosi alifika kliniki na gauni la zambarau lililomkaa kila mahali bila kumshika popote. Gauni la buluu lilikuwa nyumbani kwenye foleni ya kupunguzwa inchi tatu, na ukitaka kujua litatoka lini unajua pa kuuliza. Mfamasia alimzunguka mara mbili akitafuta pini, asizione, akamwuliza limeshonwa lini. Mama Mizani akamwambia ukweli, jana. Mfamasia akawaambia wengine, na hakuna aliyeamini kwamba Fundi Kesho amewahi kumaliza kitu jana.

Utepe ulikatwa, watu wakapiga makofi. Mpiga picha akamtaka asimame mlangoni na mkasi mkononi, kifua mbele. Mama Mizani alikataa. Aliagiza kiti. Mpiga picha akamweleza kwamba wanaofungua majengo hupigwa picha wamesimama, ndivyo inavyofanyika, na daktari mkuu naye akamuunga mkono. Akawasikiliza wote mpaka wakamaliza, kisha akaketi, akajiegemeza, akakunja miguu, akamtafuta mumewe kwa macho kule nyuma aliposimama na futi yake shingoni. Ndivyo alivyo mlangoni mpaka leo. Wazazi wakipita na watoto wao huuliza kwa nini muuguzi huyu peke yake amekaa, na yeye, akiwa anaandaa mizani, huwaambia kwamba siku hiyo aliweza.